Kizazi Kikishuka Baada ya Kujifungua: Kilicholegea ni Nini, na Mtu Anaishije Nacho

Mara nyingi hugundulika bafuni. Mzazi wa wiki tano au sita anajitawadha, mkono unakutana na kitu laini kimejaa mlangoni mwa uke, mahali ambapo zamani hapakuwa na kitu. Akilala kinarudi ndani. Jioni, baada ya kutwa nzima ya kubeba mtoto na kuinamia beseni la nguo, kimeshuka tena. Mama mkwe anasema hakukandwa vizuri. Jirani anasema aliwahi kutoka arobaini. Akiingia mtandaoni anakutana na tangazo la dawa ya kurudisha kizazi kwa siku saba, namba ya simu ipo chini.

Kabla ya kupiga hiyo namba, inafaa ajue kimetokea nini, maana matibabu yote ya hali hii, mazuri na mabaya, yanaeleweka ukishajua viungo hivyo vilikuwa vimeshikwa na nini.

Ndani ya nyonga mwanamke ana viungo vitatu vilivyokaa kwa karibu sana: mbele kibofu cha mkojo, katikati kizazi na uke, nyuma puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana inayohifadhi haja kubwa. Chini yake imetandazwa misuli kutoka mfupa wa kinena mbele hadi kifandugu nyuma. Juu yake kuna kano na tando zinazovining'iniza kwenye mifupa ya nyonga. Fikiria kitanda cha kamba: kamba zikilegea, aliyelala anazama, na hata ukimbadilisha aliyelala, wa pili naye atazama. Kizazi kilichoshuka mara nyingi ni kizima kabisa. Hakina uvimbe wala ugonjwa. Kilichopungukiwa nguvu ni vile vinavyokibeba.

Mtoto anapopita, sehemu ya misuli inayouzunguka uke hulazimika kutanuka zaidi ya mara tatu ya urefu wake wa kawaida. Ajabu ni kwamba kwa wanawake wengi hujirudi karibu yote. Kwa wengine hujirudi nusu. Wapo ambao msuli hubanduka kabisa ulikojishikiza kwenye mfupa wa kinena, upande mmoja au pande zote mbili, na msuli uliobanduka hauoti tena mahali pake kwa mazoezi. Mishipa ya fahamu inayoiamuru misuli hiyo nayo huweza kuvutwa na kudhoofika kwa miezi kadhaa. Uwezekano wa haya unapanda mtoto akiwa mkubwa, mama akisukuma kwa muda mrefu, au mtoto akitolewa kwa koleo. Kuzaa mara nyingi kunaongeza, umri unaongeza, na kuna watu waliozaliwa na tando laini zaidi, ndiyo maana unaweza kukuta mama, mama mdogo na binti wote wana shida hiyohiyo. Upasuaji wa kujifungua unapunguza hatari bila kuiondoa, kwa kuwa ujauzito wenyewe ni mzigo wa miezi tisa juu ya misuli hiyohiyo.

Hapo hakuna palipotajwa kukandwa. Hakuna palipotajwa mwenendo wa mwanamke pia, ingawa zipo nyumba ambako jambo la kwanza kuulizwa ni hilo.

Sasa, jambo linalowashangaza wengi kliniki: kinachojitokeza mara nyingi si kizazi. Kinachoongoza kwa kushuka ni ukuta wa mbele wa uke, na nyuma ya ukuta huo kuna kibofu. Mwenye tatizo hili hukojoa, akasimama, akahisi bado mkojo umebaki. Wengine hulazimika kuinama mbele au kukisukuma kile kivimbe kwa kidole ili wamalize. Ukuta wa nyuma ukilegea, puru hujaa ndani ya uke, na haja kubwa huishia kwenye mfuko huo badala ya kutoka. Mwanamke hugundua mwenyewe kwamba akibonyeza ukuta wa uke kwa kidole, choo hutoka. Anaona aibu kulitaja hilo hata mbele ya daktari, wakati kwa daktari ni dalili inayomwonyesha moja kwa moja tatizo liko upande gani. Kizazi chenyewe kikishuka, kinachogusika ni kitu kigumu kidogo chenye kitundu katikati: ndio mlango wa kizazi. Na vyote vitatu vinaweza kushuka kwa pamoja kwa viwango tofauti.

Madaktari hugawa viwango kuanzia sifuri hadi nne, wakipima kutoka mlangoni mwa uke. Cha kwanza, kimeshuka lakini bado kiko juu zaidi ya sentimita moja kutoka mlangoni. Cha pili, kimefika mlangoni, sentimita moja juu au chini yake. Cha tatu, kimetoka nje kupita hapo. Cha nne, karibu chote kiko nje. Namba hizi zinatisha zaidi ya zinavyostahili. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti uliofanyika vijijini mkoani Kilimanjaro, katika wilaya za Hai, Rombo na Same, ambako wanawake zaidi ya 1,000 walipimwa. Karibu theluthi mbili walikutwa na kiwango cha pili au zaidi. Lakini ambao viungo vyao vilikuwa vimetoka nje kwa sentimita moja au zaidi walikuwa kama asilimia 7 tu. Maana yake, kulegea kwa kiasi ni sehemu ya mwili uliozaa na kufanya kazi, na wengi wanaishi nako bila hata kujua. Kinachoamua kama utibiwe, na kwa njia gani, ni usumbufu unaoupata, wala si namba iliyoandikwa kwenye kadi. Mwenye kiwango cha pili anayeshindwa kusimama jikoni nusu saa ana haki ya kutibiwa kuliko mwenye cha tatu asiyesumbuliwa na lolote.

Usumbufu wenyewe una tabia yake. Uzito chini ya kitovu, kiuno kuvuta, hisia ya kuwa umekalia kitu. Asubuhi afadhali, jioni vibaya. Siku ya kufua vibaya zaidi. Maumivu makali si kawaida yake. Ukiona maumivu makali, homa au uchafu wenye harufu, tafuta sababu nyingine.

Zipo hali nyingine ambazo watu huziweka kwenye kapu hili moja, na kuzichanganya ni hatari. Ya kwanza ni kizazi kupinduka, ndani kikawa nje, dakika chache baada ya mtoto kuzaliwa, hasa kitovu kikivutwa kabla kondo halijaachia. Hiyo ni dharura ya damu nyingi, mama anaweza kufa ndani ya muda mfupi, na haihusiani na kivimbe cha wiki ya sita. Ya pili ni fistula, tundu linalobaki kati ya kibofu na uke, au kati ya puru na uke, baada ya uchungu uliokaa muda mrefu mno. Mwenye fistula ya kibofu huvuja mkojo mfululizo, usiku na mchana, awe amelala au amesimama. Mwenye kibofu kilichoshuka, kama anavuja, huvuja akikohoa, akicheka au akinyanyua ndoo. Wanawake wenye viungo vilivyoshuka hujitokeza kwa wingi kwenye kambi za fistula, wakiwa wamesikia tangazo redioni na kudhani ndilo tatizo lao. Si vibaya kwenda, maana huko watakutana na wataalamu wa nyonga, ila waelewe kwamba tiba ni tofauti. Ya tatu ni uvimbe halisi unaoning'inia kutoka kwenye kizazi, au saratani ya mlango wa kizazi. Hizi ndizo zinazofanya kupimwa kuwe lazima, hata kwa yule aliyeshajijibu mwenyewe.

Vipimo vyenyewe havina makubwa. Utalala chali, wakati mwingine ubavu, daktari au mkunga ataingiza kifaa na kukuambia ukohoe au usukume kama unayejisaidia haja kubwa, huku akitazama ukuta upi unashuka na unafika wapi. Asipokuambia usukume, mwambie wewe, kwa sababu ukilala umetulia kila kitu hurudi mahali pake na utaandikiwa kuwa uko sawa. Ukipata miadi ya mchana badala ya asubuhi, ni bora zaidi. Unaweza pia kuomba upimwe umesimama.

Kwa mzazi mpya kuna habari njema ambayo mara nyingi haisemwi: kinachoonekana wiki ya sita si hali ya kudumu. Misuli na mishipa huendelea kupona kwa miezi, kwa wengine hadi mwaka mzima. Anayenyonyesha ana jambo lake tena, kwani homoni ya estrojeni huwa chini, kuta za uke zinakuwa nyembamba na kavu, na kila kitu kinahisiwa zaidi. Wapo wanaopata nafuu baada tu ya kumwachisha mtoto ziwa. Hii si sababu ya kuacha kunyonyesha. Ni sababu ya kutokubali kupasuliwa mtoto akiwa na miezi mitatu.

Katika kusubiri huko, kazi ni mbili: kuipunguzia misuli mzigo, na kuirudishia nguvu.

Mzigo unaoumiza zaidi, kwa maoni yangu, ni choo kigumu, maana hujirudia kila siku na hakuna anayekuona. Kujikamua kwa nguvu kunasukuma chini kila kilicholegea. Maji ya kutosha, mboga za majani, maharage, papai, ugali wa dona badala ya sembe: ni mambo ya kawaida, na huyu mama anayahitaji kuliko mtu yeyote. Choo cha kuchuchumaa, ambacho mjini tunakidharau, kinanyoosha njia na kurahisisha haja. Mwenye choo cha kukaa aweke kigoda chini ya miguu, magoti yapande juu ya nyonga, aegemee mbele, aachie tumbo, asibane pumzi. Kama akichuchumaa kile kivimbe kinajitokeza na kumtia hofu, akishike kwa mkono safi kikae juu wakati anamaliza.

Halafu maji. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, na kuitoa ardhini hadi kichwani ndiko kunakobana tumbo kuliko hata kuibeba. Kumwambia mwanamke wa kijijini "usinyanyue vitu vizito" kisha ukafunga faili ni kumcheka. Anahitaji mpango: dumu la lita tano au kumi kwa safari zaidi, mtu wa kumtwika na kumtua, kuni zifungwe mizigo midogo, na mume aambiwe kliniki, uso kwa uso, kwamba huu ni ushauri wa matibabu. Pale ambapo hapakwepeki, kuna mbinu moja yenye faida: bana misuli ya chini kwanza, anza kutoa pumzi taratibu, ndipo unyanyue. Wengi hufanya kinyume, hujaza kifua, hubana pumzi na kunyanyua, na shinikizo lote linashuka chini. Hiyohiyo kwa kukohoa na kupiga chafya: bana kabla. Kikohozi kilichokaa wiki mbili kikapimwe, kwa ajili ya kifua na kwa ajili ya nyonga pia.

Mazoezi ya kubana misuli ya nyonga yalipata umaarufu hospitalini kupitia daktari wa Marekani, Arnold Kegel, aliyeandika kuyahusu mwaka 1948. Somo wa pwani, yaani mwalimu wa unyago, akiyaona hatayashangaa sana. Shida ni kwamba wengi huyafanya vibaya. Msuli unaotakiwa ni ule unaoubana ukizuia hewa isikutoroke mbele ya wageni na papohapo ukizuia mkojo, ukahisi uke unavutwa juu na ndani. Makalio yatulie, mapaja yatulie, tumbo lisijikunje, pumzi iendelee. Ukiingiza kidole ukahisi kinabanwa na kuvutwa, umepatia. Ukihisi kinasukumwa nje, unafanya kinyume na unajiongezea tatizo. Ukishaujua, bana na ushikilie sekunde chache, ukilenga kufika kumi kadiri wiki zinavyokwenda, achia kabisa kwa muda huohuo, rudia mara kumi. Kisha mara kumi za haraka. Hivyo mara tatu kwa siku, ukilala, ukikaa, baadaye ukisimama. Kuachia ni nusu ya zoezi. Wapo wanawake ambao misuli yao imejikaza kwa hofu au maumivu na wanahitaji kujifunza kulegeza kwanza. Usifanye mazoezi haya kila ukikojoa, kwani kukatiza mkojo mara kwa mara kunaweza kufanya usimalizike kibofuni.

Yanasaidia? Mwaka 2014 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa wanawake 447 wa Uingereza, Australia na New Zealand wenye viungo vilivyoshuka. Waliofundishwa mazoezi ana kwa ana na mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, walikuwa na dalili pungufu baada ya mwaka kuliko waliopewa karatasi ya ushauri tu. Kinachopungua zaidi ni usumbufu. Viungo vyenyewe havipandi kwa kiasi hicho. Kwa hiyo mwanamke aliyejitahidi miezi minne, akajisikia mwepesi, lakini bado anakigusa kile kivimbe, asidhani ameshindwa. Kitengo cha fiziotherapia kipo katika hospitali nyingi za mikoa na za rufaa, na kwa kawaida hujaa watu wa viuno na viharusi. Ingia, uliza kama kuna anayeshughulika na akina mama. Huenda yupo na hana wagonjwa kwa sababu hakuna anayempelekea.

Kuhusu mila za arobaini, sitazikataa zote. Kupumzishwa siku 40, kuchotewa maji, kulishwa mtori na uji wa pilipili manga: kwa nyonga inayopona, kupumzika huko ni dawa. Kukandwa maji ya moto kunastarehesha mgongo ila hakupandishi kizazi. Kufungwa tumbo kwa kanga ni sawa ikiwa inashikilia tu. Ikikazwa mpaka pumzi inapanda juu, tumbo lililobanwa juu husukuma chini. Kukalia mvuke kunaweza kuunguza. Na shabu, chumvi au unga wowote unaoingizwa ukeni ili "kubana" hukausha na kuchubua ngozi, uke ukahisi mkavu na mwembamba kwa siku mbili, vidonda vikabaki. Dawa ya kupaka au ya kunywa haiwezi kukaza kano iliyochanika. Yule muuzaji wa siku saba anajua kwamba wengi wangepata nafuu kidogo hata bila yeye.

Tendo la ndoa haliharibu kitu. Uume hurudisha ndani kilichoshuka, na kulala chali na mto chini ya nyonga huondoa uzito. Kinachozuia wengi ni ukavu, unaotibika kwa vilainisho vya dukani, na fikra kwamba mume anaona. Mara nyingi hajaona chochote. Amebaki kujiuliza amekosa nini.

Mtu akishafanya hayo na bado anasumbuka, kinachofuata si lazima kisu. Kuna pesari, pete ya silikoni inayokaa ndani ya uke na kushikilia kuta zake. Wazo ni la kale. Waganga wa Ugiriki ya kale waliweka nusu ya komamanga. Ya leo muuguzi aliyefundishwa huikunja katikati, huiingiza na kuiachia ifunguke nyuma ya mfupa wa kinena. Kidole kimoja kiweze kupita kati ya pete na ukuta wa uke. Kikikosa nafasi, ni kubwa mno. Kisha unatakiwa utembee, uchuchumae, ukohoe na ukojoe palepale hospitalini kabla ya kwenda nyumbani. Pete iliyokaa vizuri hutaihisi kabisa. Wengi hujifunza kuitoa usiku mmoja kwa wiki, kuiosha kwa maji na sabuni na kuirudisha. Asiyeweza hurudi kliniki kila miezi mitatu hadi sita. Ikisahaulika ndani kwa miaka huchuna vidonda, kwa hiyo anayewekewa lazima aelezwe kwamba kuna kitu ndani na tarehe ya kurudi. Haipatikani katika kila zahanati, lakini kwenye hospitali kubwa itaje kwa jina, maana usipoiuliza utaelekezwa moja kwa moja kwenye orodha ya upasuaji.

Upasuaji una mahali pake, hasa kwa aliyemaliza kuzaa na ambaye viungo viko nje. Hapa kuna swali moja la kumwuliza daktari: ukitoa kizazi, utakifunga wapi kilele cha uke? Kutoa kizazi peke yake, bila kukaza kano zilizolegea, kunaacha uke ukining'inia, na wenyewe huweza kushuka miaka michache baadaye. Zipo njia za kukaza kuta kwa nyuzi na kufunga kilele cha uke kwenye kano za nyonga, na zipo za kukipandisha kizazi bila kukiondoa. Habari za kutisha mtandaoni kuhusu wanawake walioumizwa zinahusu zaidi wavu wa plastiki wa kushikilia viungo, uliowekwa kupitia ukeni: Uingereza ilisitisha matumizi yake Julai 2018, na Marekani ikaamuru usiuzwe tena kwa kazi hiyo Aprili 2019. Upasuaji wa nyuzi ni jambo tofauti, ingawa nao viungo vinaweza kushuka tena. Baada yake kuna wiki sita au zaidi za kutonyanyua kitu, kwa hiyo panga nani atachota maji kabla hujapanga tarehe.

Usisubiri siku ya kliniki ukishindwa kabisa kukojoa, kilichotoka kikivimba na kukataa kurudi, kikitoka damu au kidonda, au ukitokwa damu ilhali hedhi ilishakoma. Kilichokaa nje muda mrefu kinaweza pia kuvuta mirija ya mkojo na kuumiza figo kimyakimya.

Na ukishika mimba tena? Inawezekana, na wengi hujifungua kwa njia ya kawaida. Miezi ya kwanza uzito huongezeka. Kizazi kikishapanda juu ya nyonga, kwenye mwezi wa nne au wa tano, kivimbe mara nyingi hupanda nacho. Pete inaweza kuvaliwa hadi hapo. Mwambie mkunga siku ya kwanza ya kliniki na aiandike kwenye kadi, ili siku ya uchungu atakayekupokea asikuhimize kusukuma kabla njia haijafunguka yote.